Lango la Rangi Mbili

Wageni waliofika Petrohori hawakuulizia kanisa wala kisima. Waliulizia lango. Thraso, mwenye mkahawa ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akiwaelekeza kwa kidevu huku mikono yake ikifuta vikombe: pandeni ngazi hizo, mkipita kanisa mkunje kushoto chini ya tao, mtaliona wenyewe. Wakalikuta katika fremu ya marumaru iliyochongwa mizabibu na ndege wawili, ukutani peupe pe. Lilikuwa lango la mbao la mabawa mawili, la kushoto buluu kama bahari ya Agosti, la kulia kijani kizito. Walilipiga picha wakiwa wameliegemea, wakiwa wameushika mkono wake wa shaba wa kubishia hodi, wakiwa wanabusiana mbele yake. Duka moja la kule bandarini lilikuwa likiuza kadi zenye picha hiyo, na Thraso mwenyewe alitundika kubwa zaidi juu ya mashine yake ya kahawa.

Nyuma ya lango hilo Kaliroi alikuwa akimenya viazi na kusikiliza vicheko vyao. Mara nyingine alitamani atoke awaambie kwamba wanachokipiga picha si urembo, ni ugomvi. Lakini ungemwelezaje mtu aliyetoka mbali hivyo, na kofia kichwani, kwamba rangi mbili zile ni mtu na kaka yake wasiosemezana?

Nyumba ilikuwa ya wazazi wao. Mama yao alipofariki waligawana kama watu wengi wanavyogawana: kaka yake, Anargiro, akachukua ghorofa ya juu, yeye akachukua vyumba vya chini, na ua ukabaki wa wote, pamoja na mlimau, tanuri na birika la maji ya mvua. Lango hakuna aliyelitaja. Nani angefikiri kwamba watu watagombea lango?

Petrohori, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, kijiji kizima hushika brashi. Kuta hupakwa chokaa, mawe ya njia huzungushiwa mistari myeupe, na milango hupewa rangi mpya hata kama ya zamani haijachuja. Lango la mama yao kwa miaka mingi lilikuwa buluu. Mwaka ule wa msiba, Kaliroi, ambaye alikuwa ameishi mjini Pirea tangu aolewe na fundi wa meli, na ambaye sasa naye alikuwa mjane, alirudi nyumbani na mabegi yake yote. Alipotokea chini ya tao alimkuta Anargiro anapaka lango rangi ya kijani, ile ile anayopaka milango ya zizi la mbuzi wake.

Aliuliza kulikoni. Anargiro hakugeuka. Alisema tu kwamba aliyekuwapo ndiye anayechagua rangi.

Hilo Kaliroi angeweza kulimeza. Lakini kabla ya chakula cha mchana jingine lilikuwa limeshamfikia kutoka mkahawani: kaka yake amesema, watu wanasikia, kwamba kuna watu huikumbuka njia ya nyumbani pale tu panapokuwa na cha kugawana. Hakulala vizuri. Asubuhi alitoka na kopo la buluu, akapaka bawa la kushoto lote, juu mpaka chini, bila kuacha hata tone upande wa pili. Anargiro aliporudi kutoka kukamua aliangalia, akaweka ndoo chini, akalifunga bawa la kulia na kulishindilia komeo lake la chuma ndani ya jiwe la kizingiti. Tangu siku hiyo bawa la kijani halikufunguliwa tena.

Kichekesho ni kwamba na yeye ilibidi apite kwenye bawa la dada yake. Alipita kila siku, na ndoo zake za maziwa, na punda wake akijibana, ila hakuligusa kwa mkono. Alilisukuma kwa bega au kwa goti, kama mtu anayempita jirani mwenye mafua.

Miaka ikaenda hivyo. Kila Juma Kuu Anargiro alipaka nusu yake asubuhi, Kaliroi akapaka yake jioni, ili wasikutane. Kusemezana kwenyewe walisemezana, ila kwa kupitia wengine. Kaliroi alikuwa na chungu cha mrehani dirishani, na ndiye aliyekuwa mjumbe wake.

"Mrehani wangu," angesema, kwa sauti ya kufika ghorofani, "mwambie mwenye mbuzi kwamba beberu lake limekula kola ya blauzi yangu ya kanisani."

Na Anargiro, akimfunga punda: "Punda, wewe una akili. Mtu akianika kola kwenye njia ya beberu, mwenye kosa ni beberu?"

Jirani yao Poliksena, aliyekuwa akiyasikia yote kutoka darini kwake, alisema hajawahi kuona watu wawili wanaopiga soga sana kama hawa wasiosemezana.

Basi ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, asubuhi ya manyunyu. Kaliroi alikuwa jikoni anakanda unga wa vibiskuti vya Pasaka, na juu, kwenye ngazi za nje za marumaru, Anargiro alikuwa anapaka chokaa, akiwahi kabla manyunyu hayajawa mvua. Kwanza alisikia ndoo ikiporomoka, ngazi kwa ngazi. Halafu akasikia kitu kizito zaidi ya ndoo. Akasimama na mikono ndani ya unga, akingoja matusi, maana kaka yake kitu chochote kikimdondoka hukitukana na ukoo wake. Matusi hayakuja. Hapo ndipo roho ilipomruka, akatoka mbio.

Anargiro alikuwa amelala chini ya ngazi, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, na mguu mmoja umeelekea kusikoelekea miguu. Macho yake yalikuwa wazi. Yalimwangalia yeye, si punda.

"Usiniguse," alisema.

"Sikugusi. Na wewe usijitingishe."

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana tangu ule mwaka wa msiba, na hakuna kati yao aliyekuwa na nafasi ya kuyashangaa. Kaliroi alimwita Poliksena, Poliksena kutoka darini akamwita Thraso, na Thraso akapiga simu na kukusanya wanaume. Dokta Ismini alifika na mkoba wake, nywele zimelowa. Alikuwa binti mdogo kutoka mji wa Thesaloniki aliyeletwa kwenye zahanati ya kijiji tangu vuli, na wazee walikuwa bado hawajaamua kama wamwite dokta au mwanangu. Alipiga magoti kwenye chokaa, akapapasa, akasema nyonga imevunjika. Alisema mgonjwa lazima abebwe amenyooka, asikunjwe hata kidogo. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kutoka bandarini, lakini lingeishia barabarani kule chini, na machela yake ina magurudumu, na ngazi za Petrohori hazikujengwa kwa ajili ya magurudumu. Alitaka ubao mpana, mgumu, wa urefu wa mtu.

Wanaume waliangalia huku na huku. Meza ilikuwa fupi. Kitanda kilikuwa cha springi, kingebonyea. Mmoja akasema labda ngazi ya kuchumia zeituni, dokta akakataa. Kaliroi aliangalia lango. Malango yale ya zamani hayana skrubu, yamekaa juu ya misumari minene ya chuma kama kofia juu ya kichwa. Ukilinyanyua bawa sawasawa, linatoka.

"Chukueni bawa langu," alisema.

Thraso alibaki mdomo wazi. "Kaliroi, lile lango la..."

"Lile lango ni mbao, Thraso. Shika kule."

Walishika wanne, wakanyanyua, na bawa la buluu likatoka huku bawaba zinalia kama paka aliyekanyagwa. Wakatandika blanketi juu yake, na kwa maelekezo ya dokta wakamtelezesha mgonjwa taratibu mpaka akalala sawa. Anargiro, jasho limemtoka na kuchora mistari kwenye ile chokaa ya usoni, aligeuza shingo kidogo akaona buluu iko karibu na pua yake.

"Milango yote ya kijiji hiki," alisema, "mkaona mniletee huu."

Mmoja wa wabebaji alicheka, na mwingine, na dokta naye akainamisha uso. Anargiro mwenyewe alianza kucheka kisha akaguna kwa maumivu.

Lakini walipofika langoni walikwama. Nafasi iliyoachwa na bawa lile ilikuwa sawa na bawa lenyewe, na wabebaji walikuwa na mabega na vidole. Walijaribu kumwinua juu zaidi, dokta akapiga marufuku. Hapakuwa na njia nyingine ila kufungua bawa la kijani. Thraso akashika komeo, akavuta, likakataa. Akalipiga teke.

"Usipige teke," alisema Anargiro kutoka kwenye ubao wake. "Lina namna yake. Nyanyua kwanza, halafu zungusha kuja kwako."

Thraso alinyanyua, akazungusha, akakwaruza vidole. Miaka ile yote ya mvua na kutu ilikuwa imeligandisha ndani ya jiwe. Mwingine akajaribu, naye akashindwa. Kaliroi alikuwa ameshakwenda na kurudi na nyundo ya kupasulia kuni za tanuri. Akawasogeza wanaume, akapiga magoti mbele ya komeo.

"Kaliroi," alisema kaka yake. Jina lenyewe, si mtu fulani wala mwenye kola. "Piga kwa chini kwenda juu. Ukipiga juu utapasua jiwe la baba."

Alipiga kwa chini. Alipiga tena, kwa hasira kidogo sasa. Komeo likaruka, likaangukia nje njiani. Bawa la kijani lilijivuta juu ya majani yaliyoota katikati ya mawe, likasita, kisha likafunguka lote mpaka ukutani, na mwanga ukaingia kwenye ile kona ya ua ambayo Kaliroi alikuwa ameshazoea kuiona ina giza.

Walimteremsha hivyo, mvua ya rasharasha ikiwanyeshea. Kijijini, tangu zamani, watu hubebwa kwenye ubao wakiwa wamekufa, kwa hiyo kwenye kila dirisha walilopita bibi mmoja alikuwa akifanya ishara ya msalaba na kuuliza ni nani, Mungu amrehemu. Anargiro aliinua mkono. "Bado, mama," aliwaambia, mmoja baada ya mwingine. "Bado, bado."

Barabarani, wahudumu wa gari walimhamishia kwenye machela yao, wakasema kuna nafasi ya ndugu mmoja. Watu wote wakamwangalia Kaliroi. Alipanda alivyo, unga umekauka mikononi. Bawa la buluu lilibaki limeegemezwa kwenye ukuta wa barabara, na Thraso, aliyekuwa akiliogopea kuliko alivyomwogopea mgonjwa, alivua koti lake akalifunika.

*

Huko hospitali ya bandarini walimfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Kaliroi hakurudi kijijini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, akilala kwa binamu yao mmoja bandarini, akirudi mapema na supu. Siku za kwanza hawakuongea mengi. Kwa mazoea, Kaliroi alijikuta mara moja anaiambia chupa ya maji kwamba mgonjwa anywe, na Anargiro akaiambia chupa kwamba mgonjwa hana kiu. Wakaangaliana. Muuguzi aliyekuwa anapima presha hakuelewa kwa nini wazee hawa wawili wanatetemeka kwa kicheko.

Pasaka iliwakuta pale. Mchana wa sikukuu muuguzi alipitisha sinia la mayai ya Pasaka, yaliyochemshwa na kutiwa rangi nyekundu, kila mgonjwa na lake, na wao wakagonganisha mayai kuona la nani litapasuka, kama walivyokuwa wakifanya utotoni. La Kaliroi likapasuka. Lake lilipasuka daima. Hata walipokuwa wadogo aliamini kaka yake ana ujanja fulani wa kulishika.

Alimenya yai lake bila kuinua macho, kisha akalisema lile lililokuwa limemkaa.

"Ulisema nimekuja kugawana."

"Nilisema," Anargiro alijibu. Aliligeuza yai lake, zima, kwenye kiganja. "Mama alikuwa ananiita Kaliroi. Miezi ile ya mwisho. Namlisha, asante Kaliroi. Namgeuza kitandani, pole Kaliroi. Nililala mlangoni pake miaka mitatu, dada, na mwishoni hakujua ni nani anamshika mkono. Halafu nikasikia kwamba unarudi na mabegi yako yote, wewe mwenye sura ile ile ya mama. Nikajikuta niko na kopo la rangi ya mbuzi."

Kaliroi aliyaokota maganda ya yai, akayarundika kwenye leso yake.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje? Mzee mzima, mvi kichwani, ananuna kwa sababu mama yake amemwita kwa jina la dada yake?"

Kaliroi alinyunyiza chumvi kwenye yai. Alimweleza basi kile ambacho hakuwahi kumweleza mtu. Alipokuja likizo ya mwisho kumwona mama, mama alimuuliza yeye ni binti wa nani. Akamruhusu kuingia, kwa adabu kabisa, kama mgeni. Ila alipotaka kukaa alimkataza: kiti kile ni cha mwanangu, anakuja sasa hivi na maziwa.

Anargiro aliangalia dirishani, kwenye milingoti ya mashua za bandarini.

"Alisema hivyo?"

"Nikakaa kwenye ndoo."

Alicheka taratibu, kwa kuihurumia nyonga yake, akamnyooshea dada yake lile yai zima wagawane.

*

Anargiro aliporudi nyumbani, ngazi hakuweza kuzipanda, na dokta alisema hatazipanda mpaka majira yageuke. Kaliroi alimtandikia kitanda kwenye chumba cha chini, kile chenye dirisha la kuangalia mlimau. Mrehani haukuwapo tena. Wakati wao wakiwa hospitali, mume wa Poliksena aliwatunza mbuzi, lakini mbuzi hawakuona sababu ya kutoingia kwenye nyumba isiyo na lango.

Kwa maana lango lilikuwa bado pengo. Bawa la kijani limefungwa kamba ukutani, la buluu limelala juu ya mawe mawili chini ya turubai, na ubao wake wa chini umepasuka kwa ile safari. Aliyepita aliona ndani, na aliyeona ndani aliingia. Poliksena aliingia na bakuli la dengu. Padri aliingia na mkate uliobarikiwa, akakaa mpaka kahawa ya pili. Mgeni mmoja mrefu, mwenye ngozi iliyobabuka na jua, aliingia akidhani ni mkahawa, akakaa kwa heshima chini ya mlimau akingoja kuhudumiwa, na Kaliroi alimpa maji na vibiskuti vilivyobaki badala ya kumfukuza. Alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa halimuudhi.

Kisha akaja Thraso, kofia mkononi. Alizungusha maneno, akaulizia nyonga, akaulizia mbuzi, akasifu chokaa. Mwishowe akalitoa lililomleta. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza. Watu wanapanda ngazi zote zile, wanafika, wanakuta shimo. Halmashauri ya kijiji iko tayari kutoa rangi, buluu na kijani, ya kiwango cha juu. Ila lirudishwe lilivyokuwa.

"Thraso," alisema Anargiro kutoka kwenye kiti chake, "nikivunjika na mguu wa pili, huo nao utautengenezea kadi?"

Walimwahidi kwamba watafikiri. Thraso aliondoka akiwa amepishanisha vidole mfukoni ili apate bahati.

Fundi seremala wa kijiji cha bondeni, Zaharia, alikuja akatia ubao mpya wa msaipresi pale palipopasuka. Aliwaambia kuwa rangi zilizorundikana ni nene mno, hakuna mpya itakayoshika, wakwangue kwanza. Kwa hiyo wakakwangua. Bawa moja likalazwa mbele ya kiti cha Anargiro, la pili mbele ya kigoda cha Kaliroi, kila mtu na kisu chake butu, na mchana ukaenda hivyo, na uliofuata pia. Chini ya kijani kulikuwa na buluu, na chini ya buluu buluu nyingine, ya kijivujivu. Chini yake ikatokea rangi ya haradali, na chini kabisa, ndani ya vinyweleo vya mbao, nyekundu ya damu ya ng'ombe ambayo ilikuwepo kabla ya wote wawili.

"Haradali hii ni ya mwaka ulipochumbiwa," alisema Anargiro.

"Hata. Hiyo ni ya mwaka alipokufa yule punda mweupe. Nilipochumbiwa lilikuwa buluu, nililiegemea na gauni likaharibika."

"Uliliegemea ukifanya nini?"

"Nikikungoja wewe uondoke."

Kwenye ubao wa pembeni, kimo cha magoti, walikuta mikwaruzo ya kisu. Haikuwa maandishi, ilikuwa mistari tu, pale baba yao alipokuwa akinoa kisu chake cha kupogolea mizabibu jioni huku anaongea na wapita njia. Hakuna kati yao aliyekuwa akikumbuka hilo mpaka vidole vyao vilipoigusa mistari yenyewe. Pale walikwangua kwa upole zaidi.

Ubishi halisi ulikuja kwenye rangi. Anargiro alisema liwe buluu lote, kama la mama, na yamalizike. Kaliroi, ambaye zamani angepigana kwa ajili ya buluu hiyo hiyo, alisema hapana. Alieleza kwamba wiki zile zote lilipobaki bawa la kijani peke yake, ndilo aliloliona kila alipoingia na kutoka, na hatimaye lilikuwa linampendeza. Liwe kijani. Kaka yake akasema kijani ni rangi ya mbuzi. Yeye akasema mbuzi ndio waliowasomesha. Walishikilia hivyo, kila mmoja rangi ya mwenzake, mpaka Poliksena akainama kutoka darini na kuwaambia kwamba, kwa kweli, aliwapenda zaidi wakati hawasemezani.

Siku ya kupaka, Kaliroi alianza na uso wa nje, akaupaka buluu kwa shingo upande, kwa kuwa kaka yake alikuwa mgonjwa na mgonjwa hudekezwa. Anargiro aliongoza kutoka kwenye kiti.

"Umeruka hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kifundo. Chini. Chini, Kaliroi, huko ni juu."

"Njoo upake wewe."

"Ningekuja, ila kuna mtu aliniwekea ngazi zenye chokaa."

"Chokaa uliiweka mwenyewe."

Rangi ya nje ilipokauka na mabawa yakageuzwa, Kaliroi alisimama na brashi mkononi akiyaangalia. Hakuomba ruhusa. Alifungua kopo la kijani lililokuwa limebaki chini ya ngazi, akakoroga.

"Nje ni pa kijiji," alisema. "Hapa ndani ni petu."

Anargiro alifikiri, akajikuna kidevu. Akasema kwamba basi asiipake nyembamba kama mtu anayepaka siagi ya kuazima.

Zaharia na wenzake walilitundika. Thraso alikuja kuona, akasimama njiani mbele ya lango la buluu tupu, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kaliroi alimtolea kahawa na kipande cha keki ya chungwa. Hakumwambia la ndani. Alimfungulia tu apite. Thraso alipoona kijani kwa ndani alitikisa kichwa, akala keki, na alipoondoka alikuwa tayari anapanga namna ya kulieleza. Mwezi haukupita akakiri mwenyewe kwamba wageni wanalipiga picha vile vile. Wachache waliopanda na kadi ya zamani mkononi walirudi wakisema hawakulipata. Waliopanda bila kadi walisema hawajaona lango zuri kama lile kisiwa kizima.

Nyonga ilipona vizuri kuliko ilivyotarajiwa, ila Anargiro hakurudi juu. Alisema ameshazoea kuamka akiona malimau. Ghorofa ikawa tupu, na yeye ndiye aliyekumbuka kwamba Dokta Ismini anaishi chumba cha juu ya duka la mwoka mikate, ambamo kiangazi mtu huiva pamoja na mikate. Walimwambia ahamie. Dokta alibisha mara moja kwa adabu, halafu akaja na vitabu vyake, kitanda chake, na kabati la kioo la bibi yake lililosafirishwa kwa meli kutoka Thesaloniki, ambalo Thraso na wenzake walilipitisha langoni bila kugusa upande wowote.

Jioni ile walikula watatu chini ya mlimau: maboga madogo ya kukaanga, nyanya, na jibini gumu la mbuzi ambalo Anargiro alikuwa ameanza tena kulitengeneza mwenyewe, akitembea na fimbo zizini. Dokta aliangalia sahani ya Anargiro, akasema kwa upole kwamba kwa presha ile aliyompima juzi, chumvi ya jibini hili si nzuri kwake.

"Jibini hili halina chumvi," alisema Anargiro.

"Hata kidogo," alisema Kaliroi. "Mimi mwenyewe nimeonja."

Dokta aliwaangalia mmoja mmoja. Nyuso zao zilikuwa za watakatifu waliochorwa ukutani mwa kanisa. Upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani na kuleta harufu ya majani ya porini, na njiani mtu alipita, akawasalimu kupitia langoni, wakamwitikia. Kaliroi alimsogezea kaka yake sahani ya jibini karibu zaidi, na Dokta Ismini akageukia maboga yake, akajifanya hakuona.